Castle Combe na Lacock kwa siku moja bila gari: nipangeje?

nuru_ya_asubuhi

Wakuu, habari zenu.

Naomba ushauri kuhusu siku moja ya kupiga picha vijijini Wiltshire, Uingereza. Vijiji ni viwili, Castle Combe na Lacock. Ni katikati ya Oktoba, siku ya kazi, natokea London kwa treni, gari sina. Kamera ni ya sensa ya milimita 36 kwa 24, lenzi mbili (milimita 16–35 na 24–105), tripodi nyepesi, polaraiza (filta ya kukata mng'ao), na filta nyeusi ya stopu 10 (kila stopu inapunguza mwanga kwa nusu). Ipo pia droni ndogo ya gramu 249.

Nianze na kijiji kipi? Watalii na magari yaliyoegeshwa nitawakwepa vipi? Lenzi gani ibaki nyumbani? Na kuhusu ruhusa: je, kuna mahali pa kuomba kibali kabla ya kusimamisha tripodi?

mzee_wa_tripodi

Karibu mkuu. Kituo chako ni Chippenham. Treni zinatoka London Paddington na safari ni kama saa moja na robo. Ukifika hapo, Lacock iko kusini, kilomita 5 au 6 hivi. Castle Combe iko kaskazini-magharibi, karibu kilomita 10. Vijiji hivi si majirani, viko pande mbili za mji, kwa hiyo siku yako inakatika katikati kwa safari ya kurudi Chippenham.

Lacock ipo kwenye njia ya mabasi ya Chippenham kwenda Melksham, basi linatosha. Castle Combe mabasi ni ya kuhesabu. Chukua teksi, na ile ya kurudi uipange kabla hujashuka kwenye ya kwenda. Kijiji kimezama ndani ya bonde na mtandao wa simu huko si wa kutegemea. Usipange kusimama darajani giza likiingia huku unatafuta teksi kwa simu.

Sasa mwanga, maana ndio unaoamua ratiba. Katikati ya Oktoba jua linachomoza huko kama saa 1:30 asubuhi na kuzama kama saa 12:15 jioni (nataja saa zetu, kwenye jedwali la treni ni 07:30 na 18:15). Jua linafika juu kabisa kama saa 7 kasoro dakika 5 mchana, kwa sababu saa za Uingereza bado zimesogezwa mbele. Safari ikisogea hadi baada ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa zinarudishwa nyuma na mambo yanabadilika: jua linachomoza kama saa 12:50 asubuhi na kuzama kama saa 10:50 jioni. Anayetumia jedwali la wiki iliyotangulia anapoteza saa nzima ya mwanga wa jioni.

Hata mchana jua la Oktoba halivuki nyuzi 30 hivi juu ya upeo. Piga hesabu: nyumba yenye kimo cha mita 6 inatupa kivuli cha mita 10 na ushee kuelekea kaskazini. Lacock ina barabara nne kuu zinazofanya umbo la mraba. High Street na Church Street zinakwenda mashariki–magharibi, kwa hiyo nyumba zilizo upande wa kusini zina kivuli usoni siku nzima, na zile za upande wa kaskazini ndizo zinazopata jua. High Street ni pana, kwa hiyo mwanga unafika. Church Street ni nyembamba zaidi na kivuli kinapanda ukutani. East Street na West Street zinakwenda kaskazini–kusini: asubuhi jua linapiga nyumba za upande wa magharibi, alasiri linahamia za mashariki. Ukijua hili hutakuwa na haja ya kuzungukazunguka ukitafuta ukuta wenye jua.

Castle Combe ni tofauti. Miteremko yenye miti imeizunguka, hivyo jua linafika barabarani muda mrefu baada ya saa iliyoandikwa kwenye jedwali. Usikasirike. Dakika hizo za mwanga laini usio na vivuli ndizo zinazofaa kwa ile picha maarufu ya daraja, kwa sababu tofauti kati ya anga na kuta bado ni ndogo na fremu moja inaibeba yote.

Mpangilio wangu: lala Chippenham, uwe Castle Combe nusu saa kabla ya jua kuchomoza, maliza saa 4 asubuhi watu wa matembezi ya siku wanapoanza kumiminika. Mchana nenda Lacock, ingia Abbey (nyumba ya watawa ya zamani) wakati mwanga wa nje ni mkali, kisha saa mbili za mwisho zitumie barabarani. Kama kulala haiwezekani, geuza: Lacock kwanza, Castle Combe kuanzia saa 9 alasiri, watu wanapungua kadiri jioni inavyokaribia. Faida ya mpango wa pili ni kwamba tiketi za treni za nje ya saa za msongamano ni nafuu. Hasara yake ni kwamba bonde linapoteza jua mapema, kwa hiyo usitegemee kuta za dhahabu saa 12 jioni. Utapata mwanga wa buluu na madirisha yenye taa, jambo ambalo si baya hata kidogo.

kivuli_kirefu

Naongezea kuhusu lenzi, maana hapa ndipo picha nyingi za vijiji hivi zinapoharibikia.

Acha 16–35. Najua barabara ni nyembamba na mkono unawasha kutumia 16, lakini ukifika karibu na nyumba na kuinua kamera kidogo tu ili paa liingie, kuta zinaegemeana kwa juu. Rudi nyuma, tumia 35 hadi 50, kamera iwe mlalo kabisa (washa kile kipimo cha usawa kwenye skrini), na paa likikatika badili kwenda wima badala ya kuinua lenzi. Sehemu ya chini itajaa lami, utaikata baadaye. Ukilazimika kuinua, acha nafasi tupu pembeni, kama sehemu moja ya kumi kila upande, kwa sababu programu ikinyoosha mistari inakula kingo.

Na kuna mtego wa Lacock peke yake. Nyumba nyingi pale ni za fremu za mbao za karne nyingi, na zimepinda kwelikweli. Ukibonyeza kitufe cha kunyoosha cha programu, inashika nguzo moja iliyopinda, inaifanya wima, halafu barabara nzima inainama upande wa pili. Nyoosha kwa mkono. Chukua kitu kinachoaminika, mfano mnara wa kanisa la St Cyriac au kona ya nyumba ya matofali, kiweke wima, nyumba za mbao ziache zilivyo. Upinde wao ndio sura yao.

Kwa Castle Combe, picha ya daraja inapigwa kutoka upande wa chini, ukitazama kijiji kwa kaskazini, mto By Brook ukiwa mbele yako. Milimita 35 hadi 50 zinatosha. Halafu panda hadi Market Cross, kile kibanda cha mawe cha karne ya 14, na utazame barabara inavyoteremka. Hapo 70 hadi 105 inazibana paa za mawe zikakaa moja juu ya nyingine. Kwa 24 barabara hiyohiyo inaonekana ndefu na tupu, na nyumba zinakuwa ndogo.

Upenyo (ukubwa wa tundu la lenzi): f/8. Kwa milimita 24 na f/8, ukilenga kitu kilicho mita 2.4 mbele yako, kila kitu kuanzia mita 1.2 hadi mwisho wa upeo kinakuwa na makali yanayokubalika. Hakuna sababu ya kwenda f/22. Picha inalainika badala ya kuwa kali. Kwa milimita 70 na zaidi hesabu hii haifanyi kazi. Lenga nyumba unayoitaka, tumia f/11.

Rangi ya mawe. Yale ni mawe ya chokaa ya Cotswold yenye chuma ndani yake, ndiyo maana yana rangi ya asali. Kamera ikiachiwa kuchagua rangi yenyewe inaona njano nyingi, inaipoza, na unarudi na kijiji cha kijivu. Weka mwenyewe: kelvini 5,300 kwenye jua, 6,000 kukiwa na mawingu. Ugumu unakuja fremu moja ikiwa na ukuta wenye jua na ukuta wa kivulini chini ya anga la buluu. Weka rangi kwa ajili ya ukuta wenye jua, kivuli kirekebishe baadaye peke yake, na usikimalize ubuluu wote. Kivuli kisicho na ubuluu kabisa kinaonekana cha uongo.

nuru_ya_asubuhi

Asanteni sana. Swali la nyongeza: ile filta ya stopu 10 si ndiyo dawa ya watu? Nilipanga kuitumia mchana pale Lacock.

stopu_mbili

Ni dawa ya watu wanaotembea, mkuu. Watalii hawatembei, wanasimama kupiga picha.

Hesabu ni hii: kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kwa mwanga) na f/11 mwanga wa mawingu mepesi unaweza kukupa 1/125 ya sekunde. Stopu 10 zinaifanya sekunde 8. Mtu anayepita katikati ya fremu bila kusimama anapotea. Anayesimama sekunde 3 anaacha mzuka. Mwenye koti jeupe au jekundu anaacha mstari hata akitembea. Matawi yanageuka uji. Ukitaka kuongeza muda hadi dakika 2 au zaidi, filta nyingi za bei rahisi zinaleta rangi ya zambarau au kahawia, na kwenye mawe ya asali hiyo ni balaa kuirekebisha.

Njia ya uhakika zaidi ni kupiga fremu nyingi kisha kuchukua thamani ya kati:

Kamera kwenye tripodi, utulivu wa lenzi uzimwe, eksposha kwa mkono, rangi kwa mkono, fokasi ifungwe baada ya kulenga. Piga fremu 15 hivi kwa kutumia kipima muda, moja kila sekunde 10 hadi 15. Nyumbani zipange kama tabaka kwenye Photoshop, zilandanishwe, zigeuzwe kuwa Smart Object moja, halafu kwenye Stack Mode chagua Median. Affinity Photo nayo inafanya kazi hiyohiyo.

Inafanya kazi kwa sharti moja: kila kipande cha picha kiwe kitupu katika zaidi ya nusu ya fremu. Kwa fremu 15, angalau 8. Kwa hiyo usipige zote haraka haraka kundi la watu likiwa limesimama mlangoni. Litabaki limesimama mlangoni. Kama kuna aliyekaa kwenye ngazi za Market Cross anakula sandwichi, subiri amalize, hakuna hesabu ya kumfuta. Wingu likifunika jua katikati ya mfululizo, anza upya, vinginevyo unapata ukuta wenye madoa ya mwanga. Na maji na majani yatatoka ya ajabu, hivyo chagua fremu moja nzuri na urudishe mto na miti kutoka hapo.

Magari ni habari nyingine. Ni ya wakazi, yanalala pale, kufika alfajiri hakuyaondoi. Wengine watakwambia uyafute kwa programu; mimi naona kazi hiyo haina mwisho, maana gari linaacha kivuli, mwakisiko dirishani, na kipande cha ukuta unachopaswa kukibuni. Shusha tripodi hadi kiunoni na tafuta ukuta mfupi, ua la maua au mwinuko wa barabara uuweke kati yako na matairi. Au panda milimita: kuanzia dirisha la juu hadi bomba la moshi, gari halimo.

Filta ya stopu 10 ilete, lakini itumie mtoni. Hata hapo mara nyingi polaraiza peke yake inatosha: inakula karibu stopu moja na nusu hadi mbili, na kwenye kivuli cha bonde kwa ISO 100 na f/11 unafika robo sekunde hadi nusu sekunde bila taabu. By Brook ni mto wa kina kifupi, maji yake kwa nusu sekunde bado yana mistari ya mkondo. Kwa sekunde 8 yanakuwa kioo chenye ukungu. Angalizo moja kuhusu polaraiza: ukiizungusha hadi mwisho inaondoa mng'ao wote, pamoja na mwakisiko wa nyumba ulioufuata. Izungushe hadi katikati, majani yapate rangi na mwakisiko ubaki.

bi_histogramu

Nami nijibu la ruhusa, kwa kuwa limepitwa.

Kupiga picha ukiwa barabara ya umma Uingereza hakuhitaji kibali, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988, kifungu cha 62, inaruhusu waziwazi kupiga picha jengo na kuitumia picha hiyo. Tripodi nayo haikatazwi, ila kuzuia njia ni kosa. Barabara za Castle Combe sehemu nyingi hazina njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo miguu ya tripodi iwe imebanana ukutani. Usiiegemeze kwenye ngazi ya mlango wa mtu. Madirisha pale yapo usawa wa macho na ndani kuna familia zinakunywa chai. Picha ya dirisha ni sawa, ya sebule si sawa, hata kama hakuna atakayekukamata.

Lacock ina mwenyewe. Abbey na sehemu kubwa ya kijiji ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, tangu 1944. Kutembea barabarani ni bure, Abbey na makumbusho ni kwa tiketi. Picha za kujifurahisha hazina tatizo. Ukitaka kuziuza au ukija na mwanamitindo na taa, hiyo ni kazi ya biashara na kibali kinaombwa kabla. Angalia tovuti yao siku chache mapema: filamu hupigwa pale, na ikitokea hivyo barabara hufungwa na kujazwa udongo, mikokoteni na taa.

Ndani ya Abbey hakuna flashi wala tripodi. Anza na ISO 1600, f/4, 1/60, egemea ukuta. Usikose dirisha la South Gallery: Agosti 1835 William Henry Fox Talbot alilipiga kwa kamera ndogo ya mbao, na kile kipande cha karatasi, kidogo kama stempu, ndicho negativu ya kamera ya zamani zaidi iliyobaki duniani. Dirisha linatazama kusini, kwa hiyo ukiwa ndani unapiga kinyume cha mwanga. Pimia vioo, chumba kiache kizame kwenye giza. Ukijaribu kuokoa vyote viwili kwa fremu moja, vile vioo vidogo vinaungua na mistari ya madini ya risasi kati yao inapotea, na mistari hiyo ndiyo picha yenyewe.

Ukiwa Castle Combe ingia kanisa la St Andrew. Kuna saa ya zamani isiyo na uso, mitambo yake iko wazi, na kaburi la Walter de Dunstanville, aliyefariki 1270, lenye sanamu yake ya mawe. Mwanga wa pembeni kutoka dirishani unachora mikunjo ya mavazi vizuri. Usiongeze mwanga wowote.

Droni iache London. Gramu 249 haikukomboi: tangu Januari 2026 droni yenye kamera kuanzia gramu 100 inahitaji namba ya mmiliki na ya mrushaji. Juu ya hapo, National Trust hairuhusu kurusha kwenye ardhi yake bila kibali, na Castle Combe kuna vibao vya kuwaomba wageni wasirushe. Hata bila sheria, bonde lile linarudisha sauti.

mzee_wa_tripodi

Bi Histogramu kamaliza. Nabakiza vitu vidogo ambavyo havimo kwenye miongozo.

Mapipa ya taka. Siku ya kuzoa taka yanapangwa mbele ya kila mlango, meusi na ya buluu, na hakuna pembe utakayoyakwepa. Tovuti ya Wiltshire Council inaonyesha siku za kuzoa ukiingiza msimbo wa posta. Chukua msimbo wa baa au hoteli yoyote ya kijiji husika, uangalie, halafu ndipo ununue tiketi ya treni.

Mawingu mazito si sababu ya kuahirisha. Kivuli_kirefu anapenda jua, mimi kwa barabara nyembamba napendelea mawingu, na mvua iliyokatika muda si mrefu ni bora zaidi: mawe yakilowa yanakolea rangi na lami inaakisi. Tatizo la siku hiyo ni anga jeupe lisilo na kitu. Usilitie kwenye picha. Fremu ijae nyumba, au tumia tawi la mti kulifunika. Likibaki kipande kati ya paa mbili, piga fremu tatu za mwanga tofauti, stopu −2, 0 na +2, uziunganishe. Filta ya giza nusu (nyeusi juu, angavu chini) haifai hapa, mstari wake unapita juu ya mapaa na mabomba ya moshi na kuyafanya meusi.

Ukiingia mgahawani kupata joto, kamera ibaki ndani ya begi lililofungwa. Ukiitoa mezani ingali baridi, unyevu unaganda kwenye lenzi na utapoteza nusu saa ukisubiri ikauke. Betri ya akiba iwe mfuko wa ndani wa koti.

Kama unarekodi video, Castle Combe ina uwanja wa mbio za magari juu ya kijiji. Siku wanapoendesha, injini zinasikika hadi darajani. Kalenda yao ipo wazi mtandaoni.

nuru_ya_asubuhi

Nimeangalia: wiki niliyoitaka Lacock wanazoa taka siku ileile. Nasogeza siku moja mbele, nalala Chippenham, 16–35 inabaki nyumbani. Swali la mwisho, tripodi yangu ni nyepesi na bonde lina upepo. Nitundike begi chini yake?

stopu_mbili

Tundika, lakini begi liguse ardhi kidogo. Likining'inia linabembea na upepo na kuitikisa zaidi. Usivute nguzo ya katikati, fungua miguu minene kwanza, nyembamba iwe ya mwisho, na tumia kipima muda cha sekunde 2. Kando ya mto ukipata udongo laini, sukuma miguu ndani kabla ya kulenga, si baada.